Inoue na Davis, Jones na Usyk, Mayweather na Golovkin: kilo zinaamua lini?

Swali la msomaji: "Shikamoo kocha. Tangu Crawford ampige Canelo kijiweni kwetu hakukaliki. Kuna jamaa anasema uzito ni namba tu, bondia mwenye akili anapanda anavyotaka, kwa hiyo Inoue angempiga Gervonta Davis, Roy Jones yule wa 2003 angempiga Usyk, na Mayweather akiwa kwenye ubora wake angemfundisha Golovkin ngumi. Mi nasema uzito ni uzito, na wote watatu wangelazwa chini. Nani yuko sahihi?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe maana najua kijiweni wanalisubiri: kwenye hayo matatu jamaa yako kakosa mawili na moja ana nusu haki, ila na wewe hiyo ya wote kulazwa chini siikubali, kwa sababu wawili kati ya hao watatu mi naona wanamaliza raundi kumi na mbili wakiwa wamesimama. Sasa nikueleze kwa nini, na itabidi univumilie kidogo maana hili jambo watu wanalijadili kwa majina tu, fulani mkali, fulani hana mpinzani, wakati ukilijadili kwa majina huwezi kulimaliza hata mkikesha.

Tuanze na hilo la Crawford na Canelo kwa sababu ndo lililowachanganya watu wengi. Tarehe 13 Septemba 2025 pale Allegiant Stadium, Las Vegas, Crawford kashinda kwa majaji wote, 116-112, 115-113 na 115-113, akachukua mikanda yote ya kilo 76.2, yaani ya daraja ambalo kikomo chake ni kilo hizo. Kabla ya hapo pambano lake la mwisho lilikuwa Agosti 2024, alimpiga Israil Madrimov kwenye kilo 69.9. Kwenye karatasi hapo kapanda madaraja mawili kwa mkupuo, na ukihesabu kutoka kilo 66.7 alikotawala kabla, ni matatu. Watu wakaona hiyo wakasema basi, uzito umekufa.

Lakini waangalie miili yao. Wote wawili urefu wao ni karibu sentimita 173, na mikono ya Crawford ni mirefu zaidi, kama sentimita 188 kwa 179 za Canelo. Yaani huyo tunayemwita mdogo ndo alikuwa na mkono mrefu! Halafu Canelo mwenyewe hakuzaliwa mtu wa kilo 76, mkanda wake wa kwanza mkubwa, wa kilo 69.9, aliuchukua Machi 2011 kwa Matthew Hatton, ni mtu mfupi mwenye mifupa ya kilo 70 aliyejaza nyama taratibu kwa miaka mingi. Ongeza kwamba Crawford alipata zaidi ya mwaka mzima wa kujenga mwili, na Canelo alikuwa na miaka 35 na kasi yake ya kurusha ngumi ilishaanza kushuka, aliyemwangalia Mei ile na William Scull kule Riyadh anajua nachosema, ngumi zilirushwa chache hadi watazamaji wakachoka. Kwa hiyo mi naliheshimu sana pambano la Crawford, naliona moja ya makubwa ya kizazi hiki, ila halithibitishi kwamba uzito ni namba. Linathibitisha kwamba jina la daraja na ukubwa wa mtu ni vitu viwili.

Na hapa ndo pa kukaa kidogo, maana ukipaelewa hapa ubishi wote unabadilika. Uzito wa ngumi unapimwa siku moja kabla ya pambano. Bondia anajikausha, anaacha chakula, anaacha maji, anavaa masweta anatoka jasho, anapanda mzani anasoma kilo anazotakiwa, akishuka tu anaanza kunywa na kula, na hadi kengele ya kwanza inalia anakuwa na zaidi ya saa ishirini na nne za kurudisha. Sasa yule aliyetoka chini hana cha kujikausha, yeye anakula kawaida, anapima, analala, anapanda ulingoni na uzito karibu uleule. Mkubwa wa asili anarudisha kilo sita, saba. Kwa hiyo tofauti unayoisoma kwenye mzani siyo utakayoiona ulingoni, na mara nyingi inaongezeka kwa upande wa mkubwa.

Mfano mzuri ni Pacquiao na Antonio Margarito, Novemba 2010, Texas. Walikubaliana kilo 68. Pacquiao akapima 65.6, Margarito akapima 68 kamili, tofauti kama kilo mbili na nusu, mtu unasema aah kitu gani hicho. Usiku wa pambano Pacquiao alikuwa na kilo 67 hivi na Margarito karibu 75. Kilo nane! Pacquiao akashinda kwa pointi, akampasua yule bwana mfupa wa jicho, lakini hata yeye alipokea ngumi za mwili ambazo zilionekana wazi zinamuuma, na ukitaka kujua Pacquiao alikuwa mtu wa namna gani basi rudi uangalie lile pambano na hizo kilo nane kichwani.

Mfano mwingine siyo mzuri na nauandika kwa uchungu. Februari 2000, Madison Square Garden, Arturo Gatti na Joey Gamache walikubaliana kilo 64. Usiku wa pambano Gatti alikuwa anakaribia kilo 73, Gamache 66. Gamache alilazwa raundi ya pili, akapata madhara ya ubongo na hakupigana tena maisha yake yote. Kwa hiyo wanaosema uzito ni namba tu mi huwa siwachekei. Madaraja yaliwekwa kulinda watu, na kuna sababu IBF (moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, kama WBA) wana utaratibu wao wa kupima tena asubuhi ya siku ya pambano, bondia asizidi kilo 4.5 juu ya kikomo. Danny Jacobs aliukwepa mzani huo Machi 2017 alipopigana na Golovkin, akakubali kuukosa mkanda wa IBF hata kama angeshinda, ilimradi apande ulingoni na ukubwa wake wote. Na ndo akawa mtu wa kwanza kumfikisha Golovkin raundi ya kumi na mbili baada ya KO 23 mfululizo. Sikwambii uzito ndo sababu pekee, Jacobs ni bondia mzuri na mwenye miguu, ila yeye na kona yake walijua thamani ya kilo kuliko sisi tunaobishana.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani anamshinda nani, uliza kwanza wanapimwa kilo ngapi, wanapimwa lini, raundi ngapi, ulingo mkubwa au mdogo, na ni yule fulani wa mwaka gani. Mabondia wenyewe ndo wanavyofanya. Sugar Ray Leonard alipotoka kwenye mapumziko yake 1987 kwenda kumkabili Marvin Hagler kwenye kilo 72.6, kambi yake ilipigania ulingo mkubwa wa futi 20, raundi 12 badala ya 15, na glovu za aunsi 10, halafu akashinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, matokeo ambayo watu wanayabishia hadi leo. Ingekuwa raundi 15 kwenye ulingo mdogo, mi naweka hela yangu kwa Hagler bila kufikiria mara mbili. Mayweather naye 2009 na Juan Manuel Marquez mkataba ulisema kilo 65.3, yeye akaja na 66.2 na akalipa dola 600,000 kwa hiyo ziada, na Marquez alikuwa ametokea kilo 61. Mtu halipi hela ya namna hiyo kwa kitu ambacho ni namba tu.

Sasa kilo zinafanya nini hasa ulingoni. Watu wanafikiria ni nguvu ya ngumi peke yake, na hiyo ipo, lakini kazi kubwa inafanyika pale wanapokumbatiana. Mkubwa anakulalia shingoni, anakuegemea, we unambeba, refa anawaachanisha, mnarudi tena unambeba, ni kama kupandisha ndoo ya maji ghorofani, ngazi za kwanza unaona kawaida, ukifika juu miguu haikusikii. Raundi ya nne hujaona kitu. Raundi ya tisa miguu imekwisha na ile kasi uliyokuja nayo, ambayo ndo silaha yako pekee, haipo tena. Halafu kuna kuzuia. Ngumi ya mkubwa hata ukiizuia kwa mkono inakusukuma, inakutoa kwenye mizani, na we ukiwa umetolewa kwenye mizani huwezi kujibu. Ukiangalia pambano utaona mdogo kazuia ngumi zote na bado anapoteza raundi kwa sababu kila akizuia anarudi nyuma.

Na kuna kitu ambacho kupanda hakukipi kabisa: kidevu hakiongezeki. Unaweza kuongeza mabega, mapaja, shingo kidogo, lakini uwezo wa kupokea ngumi hauujazi jimu. Hata nguvu ya ngumi haipandi kwa kiwango kilekile unachopanda. Mwangalie Pacquiao huyohuyo, mtu aliyeanza kushika mkanda wa dunia kwenye kilo 50.8 mwaka 1998, alikuwa anamaliza watu hovyo, akafika kilo 66 akampiga Miguel Cotto kwa TKO (refa kusimamisha pambano) Novemba 2009, na baada ya hapo hakumaliza mtu tena hadi Julai 2018 alipompiga Matthysse. Karibu miaka tisa. Mkono ni uleule, wanaopigwa ndo wamekuwa wakubwa.

Orodha ya walioshindwa kupanda ni ndefu na wengi walikuwa hawajui kupoteza. Kell Brook, bingwa wa kilo 66.7 ambaye hajafungwa, karuka daraja zima kwenda kwa Golovkin Septemba 2016 pale O2 London, raundi ya pili akapiga vizuri kweli hadi uwanja ukasimama, raundi ya tano kona yake ikatupa taulo, mfupa wa jicho umevunjika. Amir Khan mwaka huohuo kwa Canelo, alikuwa anaongoza kwa macho ya baadhi ya watu hadi raundi ya sita, ngumi moja ya kulia, kwisha. Rigondeaux, mwenye dhahabu mbili za Olimpiki, kapanda madaraja mawili kwa Lomachenko Desemba 2017 akaachia pambano baada ya raundi sita. Mikey Garcia kwa Errol Spence Machi 2019, kadi zilikuwa 120-107, 120-108 na 120-108, yaani hakupata raundi kwa jaji yeyote. Na Canelo mwenyewe, yule aliyemlaza Kovalev 2019 kwenye kilo 79.4, alirudi kulekule Mei 2022 akamkuta Bivol aliye mrefu na mwenye miguu, akapotea 115-113 kwa majaji wote watatu, na kwa macho yangu hata hizo kadi zilimwonea huruma.

Ukilinganisha Kovalev na Bivol unapata siri yenyewe. Wote ni kilo 79.4, mmoja umri umeenda na kasi imeshuka, mwingine yuko kwenye ubora wake. Mdogo anayepanda akachagua vizuri nani wa kupigana naye anatoka na mkanda. Akichagua vibaya anatoka na machela.

Mfano wa karibu na sisi upo, na vijana wengi hawaujui. Ayub Kalule wa Uganda, mashoto mmoja safi sana, alichukua mkanda wa WBA wa kilo 69.9 Oktoba 1979 kule Akita, Japani, kwa kumpiga Masashi Kudo. Juni 25, 1981 pale Astrodome, Houston, akaja Sugar Ray Leonard, bingwa wa kilo 66.7, kapanda daraja moja kumfuata. Kalule alikuwa na ushindi 36 bila kufungwa. Leonard akammaliza raundi ya tisa, na miezi mitatu baadaye akashuka tena kilo 66.7 akampiga Hearns. Sasa hapo mdogo alishinda na hakuna cha bahati, lakini angalia: daraja moja tu, Leonard mrefu kidogo kuliko mwenzake, na kijana wa miaka 25 kwenye kilele chake. Mi Kalule nampenda na naumia kwamba hapa kwetu jina lake halitajwi inavyostahili, ila ile siku alikutana na mtu ambaye kwa umbo alikuwa tayari wa kilo 70.

Umbo, umbo, umbo. Thomas Hearns alikuwa na sentimita 185 akiwa kilo 66! Huyo akipanda hapandi, anarudi kwake, ndo maana alichukua mikanda hadi kilo 79. Roberto Duran alikuwa na sentimita 170, mtu wa kilo 61 wa kweli, na walipokutana Juni 1984 kwenye kilo 69.9 Hearns alimlaza raundi ya pili vibaya sana. Wote wawili kwenye karatasi walitoka chini. Duran huyohuyo lakini, akiwa na miaka 37, Februari 1989 akampiga Iran Barkley akachukua mkanda wa kilo 72.6, kwa hiyo ujuzi nao unaweza kufanya maajabu pale mkubwa anapokuwa mtu wa kusimama mbele yako na kukuachia umbali wako.

Haya, twende kwenye mechi zenu.

Inoue na Davis. Hapa jamaa yako nadhani kapumbazwa na kitu kimoja ambacho hata mi kinanivutia: kwa urefu na mikono hawa watu wako karibu sawa, Inoue sentimita 165, Davis 166, mikono yote ni kama 171. Kwa hiyo hoja ya umbo kwa juujuu inambeba Inoue. Lakini urefu siyo unene. Davis ni mtu mnene, shingo, kifua, mapaja, amekuwa akishuka hadi kilo 61.2 toka juu, wakati Inoue alianza kwenye kilo 49 na kapanda hatua kwa hatua hadi 55.3. Kutoka 55.3 hadi 61.2 ni madaraja matatu. Na kuna ushahidi ambao haukwepeki: Inoue kaangushwa mara mbili kwenye kilo 55.3 yenyewe, raundi ya kwanza na Luis Nery pale Tokyo Dome Mei 2024, na raundi ya pili na Ramon Cardenas Las Vegas Mei 2025, zote kwa ngumi ya kushoto ya pembeni. Aliinuka akawamaliza wote wawili, moyo anao na anajua kurekebisha makosa haraka kuliko bondia yeyote wa leo. Ila Davis ni mashoto, na ile kushoto yake ikitoka kwa mtu aliyerudisha uzito hadi kilo 65 au zaidi, kuinuka ni habari nyingine.

Jamaa yako atakwambia Lamont Roach alipanda kutoka kilo 59 akatoka sare na Davis, Machi 2025 pale Brooklyn, na wengi tukaona Roach kashinda, hasa ile raundi ya tisa Davis alipopiga goti na refa hakuhesabu. Kweli kabisa. Lakini Roach ni daraja moja, tena mwenye umbo la kilo 61, na alifanikiwa kwa kuwa hakuogopa ngumi, alizipokea akaendelea kuja. Inoue hawezi kumudu kuzipokea. Mechi hii kwenye kilo 61.2 mi naiona Inoue anashinda raundi tatu au nne za mwanzo kwa kasi na ngumi za mwili, Davis kama kawaida yake ametulia anasoma, halafu kati ya raundi ya sita na ya tisa kushoto inaingia. Davis kwa KO. Ukiishusha hadi kilo 57.2 naibadilisha kabisa, kwa sababu Davis akijikausha hadi hapo anakuja maiti.

Jones na Usyk sitakaa sana. Wanaomtaja Jones wanataja Machi 1, 2003, kilo 87.5 zake dhidi ya 102.5 za John Ruiz, akashinda kwa pointi akachukua mkanda wa WBA wa uzito wa juu. Uzuri wa siku ile sitaki kuupunguza, bingwa wa zamani wa uzito wa kati aliyekuja kuwa bingwa wa uzito wa juu kwa zaidi ya karne moja hakuwepo mwingine toka Bob Fitzsimmons wa 1897. Lakini Ruiz alikuwa bingwa anayejulikana kwa kukumbatia na kusukumana, mzito wa miguu, na refa Jay Nady siku ile hakumwachia kukumbatia kirahisi. Jones alichagua mlango uliokuwa wazi. Usyk ni mlango wa chuma: sentimita 191, mikono 198, mashoto, miguu myepesi kuliko mabondia wengi wa kilo 79, na yeye mwenyewe ni mtu aliyetoka chini, alimaliza mikanda yote ya kilo 90.7 mwaka 2018 kwa Gassiev Moscow, kisha akapanda uzito wa juu na Mei 2024 Riyadh akampiga Fury ambaye alimzidi zaidi ya kilo 17, na Desemba ya mwaka huohuo tena, safari hii Fury akiwa na kilo 127. Ile faida yote ya Jones, kasi, pembe, miguu, kwa Usyk anaikuta iko kwa mtu mrefu kuliko yeye kwa sentimita 11. Usyk kwa pointi, tisa kwa tatu. Halazwi chini Jones, yule wa 2003 alikuwa hajui kupigwa sawasawa. Kilichomharibu ni kushuka, kuurudisha mwili kwenye kilo 79.4 ndani ya miezi minane, akapambana kwa shida na Antonio Tarver Novemba 2003 na Mei 2004 akalazwa raundi ya pili. Kupanda kunaimbwa, kushuka hakuna anayekusimulia.

Mayweather na Golovkin ndo yenyewe, na hii wangeweza kuipanga kweli, Golovkin alishawahi kusema yuko tayari kushuka hadi kilo 69.9 kwa ajili yake. Tuchukue Mayweather wa 2013, aliyempiga Canelo kwenye kilo 68.9, na Golovkin wa 2015, aliyemvunja David Lemieux kwa jabu (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele) zaidi hadi raundi ya nane. Mikono: Mayweather 183, Golovkin 178. Mdogo ndo mwenye mkono mrefu, kama kwa Crawford, na hapo jamaa yako anaanza kupata haki yake.

Kwenye kilo 69.9 nampa Mayweather. Golovkin karibu maisha yake yote ya kulipwa alipigana kwenye kilo 72.6, hizo tatu za chini angezitoa kwenye miguu, na Mayweather hilo daraja analijua, alimpiga De La Hoya 2007 na Cotto 2012 hapohapo, ingawa Cotto alimtoa damu puani na kumpa kazi kuliko watu wanavyokumbuka. Golovkin anasumbuka na mtu anayesogea na kubadilisha pembe, tuliona kwa Jacobs, tukaona na Canelo kwenye zile mbili za 2017 na 2018. Mayweather kwa pointi, saba kwa tano au nane kwa nne, na raundi mbili za mwisho zinakuwa za kumwombea dua.

Kwenye kilo 72.6 mambo yanageuka. Mayweather hata kwenye 69.9 alikuwa anapima 68, hana nyama ya kujaza hapo, kwa hiyo anapanda ulingoni na kilo 69 na Golovkin ana 77 hivi. Mkumbuke Marcos Maidana Mei 2014, kwenye kilo 66.7, alivyombana kwenye kamba kwa fujo tu, bila jabu ya maana, na jaji mmoja akaona sare. Nenda nyuma zaidi, Jose Luis Castillo 2002, presha ileile, na kuna watu hadi kesho wanasema Castillo alishinda. Golovkin anakuja na presha hiyohiyo ila kwa utulivu, anakata ulingo kwa hatua fupi, jabu yake inaumiza kama ngumi ya kulia ya mwingine, na ile bega la Mayweather la kuzuia ngumi za kulia halizuii jabu nzito wala ngumi za mbavuni za mtu wa kilo 77. Mayweather anachukua raundi nne za mwanzo, ya tano na ya sita zinakuwa za kugombaniwa, toka ya saba ataanza kukumbatia ili apumzike na huko kwenye kukumbatiana ndiko kilo zilipo. Halali chini, hakuwahi kuwa mtu wa kulala, atajua kujihifadhi hadi kengele ya mwisho. Golovkin kwa pointi, 115-113 au 116-112.

Kwa hiyo kwenye hiyo ya tatu kabla hamjaendelea kubishana mwulize jamaa yako wanapimwa kilo ngapi. Akisema 69.9, mpe soda yake. Akisema 72.6, chukua yako.